Pikipiki ya injekta inamisi? Anza na betri na tangi, injekta yenyewe iache mwisho

Habari zenu wakuu. Pikipiki za injekta (kile kifaa cha umeme kinachopulizia mafuta kwenye injini badala ya kabureta) zimeshakuwa nyingi mtaani, Honda zenye PGM-FI (jina la mfumo wa injekta wa Honda), Yamaha, Apache za Fi, KTM Duke, na ikimisi kidogo tu utasikia mwenyewe anaambiwa injekta imekufa nunua mpya. Nyingi zinazofika kwangu zikiwa na hukumu hiyo injekta yake ni nzima kabisa, ubovu uko kwenye umeme au kwenye mafuta machafu, ndo maana naomba ufuate huu mpangilio bila kuruka.

Hatua ya 1. Washa swichi, usistati, sikiliza. Pampu iliyomo ndani ya tangi inatakiwa ilie kama sekunde 2 hivi inyamaze, hapo inajaza presha, na taa ya injini iwake kisha izime. Haijalia? Angalia fyuzi, angalia ile swichi nyekundu ya kuzimia injini, alafu kama pikipiki ilianguka kumbuka kuna sensa ya mlalo inakata kila kitu, Honda nyingi haziwaki tena mpaka uzime funguo uwashe upya. Watu wamefungua tangi zima kwa ajili ya hiyo.

Hatua ya 2. Betri na ethi. Pikipiki ya kabureta unaweza ukatembea nayo betri imekufa unapiga kiki maisha yanaendelea, nyingi za injekta hapana, pampu inataka umeme, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inataka umeme, injekta yenyewe inafunguka kwa umeme. Weka mita, betri ikiwa imepumzika isome volti 12.4 kwenda juu, injini ikiunguruma na ukiongeza moto kidogo isome 13.5 mpaka 14.5 hivi. Ikiwa chini ya 12 simama hapo hapo, chaji au badilisha ndo uendelee, maana vipimo vingine vyote vitakudanganya. Fungua waya wa ethi unaoshika kwenye fremu, piga msasa, kaza vizuri. Na usichomoe betri injini ikiwa inawaka, na ukienda kuchomelea stendi au keria chomoa betri na soketi ya kontroli boksi kwanza, hiyo boksi bei yake inauma.

Hatua ya 3. Soma taa ya injini. Kwa Honda ikiona hitilafu taa inapepesa kwa hesabu, mwako mrefu ni 10 na mfupi ni 1, kwa hiyo mrefu mmoja na mifupi miwili ni 12. Namba 7 ni sensa ya joto la injini, 8 sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), 9 joto la hewa, 12 injekta, 21 sensa ya oksijeni kwenye ekzosti. Sasa elewa hapa: namba inakuonyesha njia nzima, yaani sensa, soketi na waya wake, haijasema sensa imekufa. Chomoa soketi, tazama kama kuna kutu ya kijani au maji (wale wa kuosha kwa presha mnajiletea hii wenyewe), safisha, rudisha, soma tena.

Hatua ya 4. Mafuta. Hapa ndo penye kazi kubwa kwa mazingira yetu. Toa mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, weka kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache nusu saa, kama kuna maji yatakaa chini na utaona mstari. Alafu dondosha tone kwenye karatasi safi, petroli inakauka inaondoka, ukiona doa la mafuta limebaki hapo ushachanganyiwa mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huu huu, lakini ukinunua ya kwenye chupa barabarani hakuna anayekulinda, na vumbi lake linaenda moja kwa moja kwenye pampu. Halafu wenzangu wa bodaboda acheni kutembea na mafuta ya kulamba, ile pampu inapozwa na petroli iliyoizunguka, tangi likiwa kavu kila siku pampu inaungua taratibu. Ukikuta uchafu osha tangi lote, badilisha na chujio la pampu.

Hatua ya 5. Hewa. Filta ya hewa ikijaa badilisha. Kagua raba inayounganisha throto na injini, ikipasuka inavuta hewa ya wizi na sailensi inapanda inashuka. Throto yenyewe futa na kitambaa chenye klina kidogo, na ile skrubu iliyopigwa rangi kiwandani USIIGUSE.

Hatua ya 6. Sasa injekta. Toa presha kwanza: chomoa soketi ya pampu, stati injini mpaka izime yenyewe, zima funguo, toa waya hasi wa betri. Fanyia nje, mbali na sigara na jiko. Pima ukinzani wa injekta, nyingi za Honda ndogo ni omu 9 mpaka 15 ikiwa ya baridi. Kama una geji ya presha ya mafuta, Honda nyingi zinataka kPa 294 hivi, sawa na psi 43, Yamaha nyingi kPa 250, ikiwa chini tatizo ni pampu au chujio. Kuisafisha, pitisha klina huku unaigusisha umeme wa betri ya volti 9 kwa kugusa na kuachia, usiunganishe ukaacha hivyo itaungua. Na tafadhali msichokonoe na sindano, vile vitundu ukivipanua hata kidogo mafuta hayatoki tena kama ukungu, yanatoka kama mkojo, hapo kweli utanunua mpya.

Hatua ya 7. Kurudisha. Oringi (ile pete ya mpira ya injekta) mpya kila mara, paka oili ya injini kidogo, sukuma injekta ikiwa imenyooka. Rudisha soketi na betri, washa funguo mara mbili tatu bila kustati presha ijae, pitisha kidole kuzunguka injekta na mpira wa mafuta. Pakiwa pakavu stati, iache ipate joto, zima, alafu kagua tena pale pale kabla hujamkabidhi mwenyewe.