Old ale haionjwi kama bia ya kiu

Kama wewe mhudumu akiuliza ya baridi au ya moto jibu lako ni ya baridi kila siku, basi nikwambie mapema, old ale, yaani bia kali ya Kiingereza inayoweza kukaa miaka, iko upande wa watu wa ya moto. Sio moto moto, nyuzi 10 mpaka 13 hivi, yaani itoe kwenye friji uiache mezani kama nusu saa ndo ufungue, maana ikiwa na baridi kali utapata gesi na uchungu tu, kimea chote kimelala.

Mimi nafanyia mazoezi kwa Fuller's Vintage Ale, inatoka Chiswick, London, wanaitoa kila mwaka tangu 1997, na pombe yake ni asilimia 8.5 so usiifanyie haraka. Hamira bado imo ndani ya chupa, kwa hiyo isimamishe wima tangu jana yake mashapo yatulie chini, mimina polepole kwenye glasi ya waini, sio kikombe, na acha bia ya kimo cha kidole chini ya chupa, pamoja na mashapo. Povu likiwa dogo usilalamike, bia kali ndo zilivyo.

Sasa kunusa, hapa ndo penyewe. Zungusha glasi kidogo, nusa mara mbili tatu fupi fupi halafu pumzika. Tafuta tende, zabibu kavu, ganda la chungwa, sukari guru ikianza kuungua sufuriani. Ikiwa imekaa miaka itakuja na harufu ya sheri, ile mvinyo kali ya Hispania, hiyo ni umri mzuri. Ila ukisikia boksi lililoloa maji hiyo hewa imeiharibu, na ukisikia dawa ya kutolea rangi ya kucha achana nayo. Uchachu kidogo sio kosa lakini, zamani hizi bia zilikaa kwenye mapipa ya mbao mpaka hamira pori zikaingia, na Claussen, mtafiti wa kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Denmark, mwaka 1904 aliipa hamira moja ya huko jina Brettanomyces, yaani kuvu wa Uingereza.

Funda la kwanza ni la kusafisha mdomo tu, usilihukumu. La pili liache ulimini, utamu utangulie, uchungu uje nyuma uukate, kama utamu unabaki unanata kama sharubati hapo mizani imekosa. Pombe ipashe kifua, isichome koo.

Andika ulichopata, halafu kaa dakika ishirini uonje tena, ikishapata joto la chumba inakuwa bia nyingine kabisa.

Na nunua chupa mbili. Ya pili nimeificha kabatini nyuma ya unga, kwenye giza, tarehe nimeandika kwenye lebo kwa kalamu, nitaifungua mwakani mwezi huu huu kama wageni hawajaiona.