Pima mwenyewe nguvu inayoinua ndege: feni, boksi na mizani ya jikoni

Nafundisha fizikia sekondari hapa Tanga. Kwa miaka mingi nilichora ubaoni bawa lenye mgongo wa kubinuka na kusema kama kitabu tulichokuwa nacho kilivyosema: hewa inayopita juu ina njia ndefu, kwa hiyo inakimbia ili iwahi kukutana na mwenzake wa chini kwenye ukingo wa nyuma, na hewa inayokimbia husukuma kidogo, basi ndege inainuka. Wanafunzi waliandika, mtihani ulikuja, tukaendelea.

Siku moja kijana wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Madamu, mbona ndege za maonyesho huruka juu chini? Mgongo si unakuwa umeangalia ardhi? Ingetakiwa ivutwe chini."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamjibu Jumatatu, na wikiendi ile nilianza kutengeneza kifaa ninachokueleza hapa. Utakitengeneza kwa siku moja. Kinapima kwa gramu nguvu ambayo upepo unalipatia bawa, na kinakuonyesha namba hiyo inavyopanda na kushuka kadiri unavyoliinamisha.

Kwanza nikuondolee lile wazo la hewa kuwahiana, maana litakupotosha ukiwa nalo kichwani. Vipande viwili vya hewa vilivyotengana mbele ya bawa havina ahadi ya kukutana nyuma. Moshi ukipigwa kwa vipindi mbele ya bawa, ule wa juu hufika nyuma kabla ya wenzake wa chini, tena kwa tofauti kubwa. Ni kweli hewa ya juu inakwenda kasi, na ni kweli kanieneo, yaani msukumo wa hewa kwenye kila kipande cha eneo, juu ya bawa ni ndogo kuliko chini. Uongo ni ile sababu ya urefu wa njia.

Bawa linaipinda hewa. Hewa inakuja imenyooka, inakuta bawa lililoinua ukingo wake wa mbele, na inaondoka ikiwa imeelekezwa chini kidogo. Ya chini inasukumwa na tumbo la bawa. Ya juu inaung'ang'ania mgongo na kuufuata unavyoshuka, na ili hewa ikate kona hiyo lazima kanieneo iwe ndogo karibu na mgongo kuliko mbali nao. Bawa linaisukuma hewa chini, hewa inalisukuma bawa juu. Ukitaka kuhesabu kwa kanieneo au kwa hewa iliyoelekezwa chini, utapata nguvu ileile.

Baba yangu alivua kwa ngalawa, na nilijua jambo hili kwa mikono kabla sijalijua kwa daftari. Ukienda joshi, yaani ukielekea karibu na unakotoka upepo, unavuta demani, kamba ya tanga, mpaka tanga liache kupiga kofi, hapo chombo kinachapa mwendo. Ukizidi kulivuta, chombo kinalala na mwendo unakufa, ingawa upepo ni uleule. Shika hilo la tanga lililovutwa kupita kiasi. Tutalikuta tena kwenye mizani.

Vifaa: feni ya mezani au ya kusimama, katoni moja ya maji ya nusu lita yenye chupa zake 24, maboksi ya kukata, karatasi moja ya manila, vijiti vya mishikaki, gundi, selotepu, kipande cha mbao ukubwa wa kiganja, kibanio cha nguo, protrakta ya kwenye mkebe, uzi wa cherehani, na mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu mojamoja. Kama una jamaa sonara mwenye mizani ya kusoma sehemu za gramu, muazime.

Anza na upepo. Feni haitoi upepo ulionyooka. Inautoa ukizunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Mara ya kwanza sikulijua hili na namba zangu zilirukaruka nusu saa nzima, nusu ya bawa ikiinuliwa na nusu nyingine ikikandamizwa. Kata vichwa na vitako vya chupa zote, ubaki na mirija mipana ya urefu wa kama sentimita 12. Toboa katoni pande mbili, ilaze, na uzipange chupa humo zikiwa zimelala, midomo ikiangalia feni. Upepo ukipita kwenye chupa hizo unaacha kuzunguka. Kasi itapungua kidogo, lakini utakuwa na upepo unaoaminika, na bila huo usiendelee mbele.

Ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walipita njia hiyohiyo. Mwaka 1901 walirusha ndege yao isiyo na injini kule Kitty Hawk, pwani ya Marekani, nayo ikainuka kwa nguvu ndogo sana kuliko hesabu walizozitegemea. Walirudi kwenye duka lao la baiskeli Dayton, Ohio, wakaunda boksi la mbao lenye feni upande mmoja, na ndani yake mizani waliyoifanya kwa spoku za baiskeli na misumeno ya kukatia chuma. Walijaribu maumbo ya mabawa yapatayo 200. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao yenye injini iliruka sekunde 12, kama mita 37. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba kabla ya ndege kulikuwa na boksi na mizani, na boksi lao halikuwa na tofauti kubwa na letu.

Sasa bawa. Kata mbavu tatu za boksi, kila moja urefu wa sentimita 12. Chini ziwe zimenyooka, juu ziwe na tao lenye kina cha sentimita 1, na sehemu ya juu kabisa ya tao iwe karibu na mbele kuliko nyuma. Kata manila sentimita 30 kwa 13, uipake gundi na kuilaza juu ya mbavu hizo, mbili mwishoni na moja katikati. Usifunike chini. Toboa kila ubavu sentimita 3 kutoka mbele, yaani robo ya upana, na upitishe kijiti cha mshikaki kwenye matundu yote matatu. Mahali hapo si pa kubahatisha: nguvu ya upepo kwenye bawa hutua karibu na robo hiyo, kwa hiyo bawa halitahangaika kujipindua mkononi mwako. Kigandishe kijiti kwenye mbavu, kisicheze.

Tengeneza pia bawa la pili la ukubwa uleule, bapa kabisa, kipande cha boksi tu. Usilipuuze. Hilo ndilo litakalokufundisha zaidi.

Nguzo ni vipande viwili vya boksi virefu kama sentimita 25, vimegundishwa kwenye ule mbao, vikishika ncha mbili za kijiti. Kibanio cha nguo kinabana kijiti kwenye nguzo ili bawa likae pembe uliyoichagua. Kwenye nguzo moja chora kwa protrakta mistari ya digrii 0, 5, 10, 15 na 20 kutoka usawa wa meza. Unasoma kwa kulinganisha mstari wa chini wa ubavu na mistari hiyo.

Weka mbao juu ya mizani, bawa likiwa katikati ya upepo, umbali wa kama nusu mita kutoka kwenye chupa. Mizani yenyewe ikinge na upepo kwa kipande cha boksi mbele yake, la sivyo utakuwa unapima upepo unaopiga sahani. Kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri wakati feni imezimwa. Washa feni. Mizani itaandika namba yenye alama ya hasi, na hizo ndizo gramu ambazo hewa imelibebea bawa. Kabla ya kuziamini, toa bawa na upime nguzo peke yake kwenye upepo uleule. Chochote kinachosomeka hapo kiondoe kwenye hesabu zako.

Hizi ni namba zangu, feni ikiwa kwenye kasi ya 3. Bawa la kubinuka: digrii 0, gramu 6; digrii 5, gramu 11; digrii 10, gramu 16; digrii 15, gramu 17; digrii 20, gramu 14. Bawa bapa, kwa pembe zilezile: gramu 0, 6, 10, 11, 10. Zako zitatofautiana kwa sababu feni yako si yangu, lakini umbo la mchoro litafanana.

Zikae hizo namba mbele yako uzisome polepole. Bawa bapa, ambalo juu na chini njia ni sawa kabisa, kwenye digrii 10 limeinuliwa gramu 10 kwa kuliinamisha tu. Kwa hiyo kubinuka si chanzo cha kuruka. Bawa la kubinuka linapata gramu 6 likiwa limelala kwenye digrii 0 kwa sababu mkia wake tayari unaangalia chini, na tayari linaipinda hewa. Kubinuka ni kama kuanza safari ukiwa umeshapewa pembe mkononi.

Kisha tazama mwisho wa safu. Kutoka 0 hadi 10, kila digrii inaongeza gramu moja hivi bila kuchoka. Kati ya 10 na 15 ongezeko linakaribia kwisha. Kwenye 20 nguvu imepungua, ingawa bawa limeinama zaidi. Hapo ndipo tanga la baba lilipovutwa kupita kiasi.

Ili uone kilichotokea, bandika vipande vifupi vya uzi wa cherehani mgongoni mwa bawa, safu tatu kutoka mbele hadi nyuma, kila kipande kikishikwa na selotepu upande mmoja tu. Kwenye digrii 5 vyote vinalala vimenyooka kuelekea nyuma. Ongeza pembe taratibu. Vya nyuma vitaanza kutikisika, kisha kuzunguka, na kwenye 20 baadhi vitageuka na kuangalia mbele, kana kwamba upepo unatoka nyuma. Hewa imeshindwa kuufuata mgongo, imeachana nao, na nafasi iliyobaki imejaa mizunguko. Marubani huita hali hiyo stoli. Haina uhusiano na injini kuzimika, kama wengi wanavyodhani; ndege yenye injini nzima huingia stoli ikiwa pua imeinuliwa kupita pembe hiyo, na dawa yake ni kushusha pua, jambo ambalo mwili wa mtu anayeanguka unakataa kulifanya. Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliyeruka zaidi ya mara 2,000 kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe, alikufa Agosti 1896 baada ya bawa lake kuingia stoli na kumwangusha. Kila ninapoziona nyuzi zile zikigeuka namkumbuka.

Moshi ni mzuri pia, ukiwa na subira. Funga madirisha, punguza feni hadi kasi ya 1, weka udi kwenye chetezo mbele ya bawa, tundika kitambaa cheusi nyuma (mimi natumia baibui la zamani) na umulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Utauona mkondo ukifika umelala na kuondoka ukiwa umeinama chini. Chetezo kiwe mbali na manila, na mtu mmoja kazi yake iwe kukilinda tu.

Jaribu na kasi. Ukiweza kupata upepo wenye kasi mara mbili, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ndiyo sababu ndege inakimbia barabarani kwanza, na ndiyo sababu inapotua polepole hushusha vile vibao vya nyuma ya mabawa unavyoviona ukikaa dirishani: kasi imepungua, kwa hiyo bawa linabinuliwa zaidi na kupanuliwa ili kufidia. Hewa nyepesi nayo hupunguza nguvu. Uwanja wa ndege wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, na ndege yenye uzito uleule inahitaji kukimbia zaidi pale kuliko Dar es Salaam.

Jumatatu ilipofika sikumjibu yule kijana. Nilimkabidhi kifaa. Alichomoa bawa la kubinuka, akaligeuza mgongo chini tumbo juu, akalibana kwenye digrii 0 na kuwasha feni. Mizani ikaandika gramu 5 bila alama ya hasi. Bawa lilikuwa linakandamizwa chini, kama alivyosema darasani. Akaongeza hadi 5, ikawa sifuri. Akaongeza hadi 10, hasi 4. Kwenye 15, hasi 7.

Alizima feni, akahakikisha sifuri, akarudia yote tangu mwanzo. Ilipotoka 7 tena, aliangalia bawa lile lililoinua pua yake huku mgongo ukiangalia meza, akasema, "Kumbe rubani anainamisha tu zaidi."

Siku hizi swali lake ndilo zoezi la kwanza ninalotoa. Ukimaliza safu zako mbili, geuza bawa juu chini na utafute pembe ambayo mizani inasoma sifuri.