Kuwapeleka watoto kula Kijapani kwenye moli za Japani, mwongozo kwa familia zetu

Mtu akishafika huku kusoma au kikazi na familia ikamfuata, swali la wikiendi ya kwanza huwa ni lilelile, watoto tuwapeleke wapi wakale chakula chenyewe cha Kijapani, wakae kwa raha na sisi wazazi tusitoke jasho. Jibu langu halibadiliki jamani, nendeni moli, au zile depato kubwa za pale stesheni, yaani maduka ya ghorofa nyingi yenye kila kitu. Ile migahawa ya uchochoroni mtaenda wawili siku watoto wakiwa na mtu wa kuwaangalia. Chakula cha kule ni kitamu sana sikatai, ila vingi ni vijumba vidogo, viti nane tisa vimepangwa kwenye kaunta, kigari cha mtoto hakina pa kukaa, na ingawa sheria ya kuzuia sigara migahawani ilianza kutumika kikamilifu Aprili 2020, vile vidogo vya zamani viliachiwa mwanya, kwahiyo unaweza kukuta watu wanavuta humo, na panapovutwa aliye chini ya miaka 20 haruhusiwi kuingia. Moli hayo hamna. Kuna chumba cha watoto chenye maji ya moto ya kuchanganyia maziwa na meza za kubadilishia nepi, viti virefu vya watoto vipo, na mtoto akilia hakuna anayegeuka kukutazama maana kila meza ina wa kwake.

Muda ndo kila kitu. Migahawa mingi ya moli inafungua saa tano asubuhi, fikeni hiyo saa tano kamili au subirini saa nane mchana watu wapungue. Saa sita hadi saa saba jumamosi na jumapili msijaribu mkiwa na mtoto mwenye njaa, foleni ni ndefu mno. Mkikuta watu wamekaa kwenye viti nje ya mlango msikae tu, tafuteni kwanza karatasi au kimashine cha namba hapo mlangoni. Kwenye karatasi unaandika jina, watu wazima wangapi, watoto wangapi. Jina liwe fupi, maana mhudumu ataliita kwa sauti na majina yetu marefu yanawapa shida, Mwanahamisi andika Hami inatosha. Utaulizwa pia aina ya kiti, na kama mna mtoto anayetambaa na kuna zashiki, yaani kile kijukwaa cha mikeka cha kukaa chini, ombeni hicho. Mnavua viatu, kwahiyo soksi ziwe nzima na safi.

Kabla ya kujiandikisha popote, zungukeni floo nzima ya migahawa na watoto mkiangalia madirisha. Karibu kila mgahawa umeweka vyakula vya plastiki dirishani, bakuli la udon, zile tambi nene, na kamba juu yake, samaki wa kuchoma na wali pembeni, vyote saizi ileile utakayoletewa mezani na bei iko chini yake. Biashara hii aliikuza Takizo Iwasaki aliyeanza Osaka mwaka 1932, enzi hizo wakitumia nta, na mji wa kwao Gujo kule Gifu mpaka leo unasifika kwa kazi hiyo. Kwa familia isiyosoma Kijapani hii ni rehema. Mtoto ananyoosha kidole, baba anapiga picha na simu, mkikaa mnamuonyesha mhudumu picha, mmemaliza. Na hapohapo mtaona sahani ya watoto, okosama ranchi, wali umefinyangwa kama kilima na kibendera juu, kidogo cha hiki kidogo cha kile. Ilianzia kwenye mgahawa wa depato ya Mitsukoshi pale Nihonbashi Tokyo mwaka 1930, kwahiyo kula depato na watoto ni utamaduni wa wenyewe tangu enzi za mababu zao. Ila ulizeni mwisho ni umri gani, sehemu nyingi ni kwa wa shule ya msingi kushuka chini.

Kama ni mara ya kwanza na watoto wanachagua chagua chakula, anzeni na sushi za mkanda, yaani matonge ya wali yenye samaki juu yanayopita mezani kwenye mkanda. Mtindo huu ni wa Yoshiaki Shiraishi, alifungua mgahawa wa kwanza Higashi-Osaka mwaka 1958, na sasa kampuni kama Sushiro, Kura na Hama zina matawi kila kona. Sahani za bei ya chini zinaanzia yeni 100 na ushee. Sehemu nyingi sikuhizi sushi hazizunguki tena, unachagua kwenye skrini mezani, unabonyeza lugha ya Kiingereza, na sahani inakuja yenyewe kwenye reli mpaka mbele yako. Na msiogope kwamba ni samaki mbichi tupu. Kuna yai, kamba aliyechemshwa, mahindi na mayonezi, kuku wa kukaanga, chipsi, udon ya bakuli dogo, mtoto wa miaka miwili anashiba bila kugusa kibichi, na Wajapani wenyewe wengi wanasubiri mtoto afike kama miaka mitatu hivi ndo wampe. Wasabi, ile rojo ya kijani inayowasha, siku hizi kawaida huja pembeni kwenye vipakiti, viwekeni mbali na watoto. Kwa Kura kuna raha ya ziada, sahani tupu mnatumbukiza kwenye tundu la mezani, kila zikitimia 5 mchezo unacheza kwenye skrini na mkishinda kinashuka kidubwasha cha zawadi. Mtoto aliyesema ameshiba sahani ya nne ataomba ya tano.

Ila sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kwenye hizo meza kuna bomba dogo ukutani lenye kitufe cheusi chini yake. Mtoto wa Kiswahili akiliona anajua ni la kunawa mikono, na hata watu wazima wageni wanapeleka mkono. SIO. Ni maji ya moto ya chai, unaweka unga wa chai ya kijani kwenye kikombe, unasukuma kitufe kwa ukingo wa kikombe na maji yanatoka ya kuunguza kabisa. Mtu mzima akae upande wa bomba, mtoto akae upande wa nje. Mikono mtaifuta kwa kitambaa chenye maji mnachopewa.

Kwa sisi Waislamu, au asiyekula kitimoto kwa sababu zake, kazi ipo lakini inawezekana. Ramen, tambi za kwenye supu, ile ya supu nyeupe nzito iitwayo tonkotsu, ni mifupa ya nguruwe. Tonkatsu, nyama ya kukaanga, ni nguruwe. Kare (mchuzi wa kari) ya Kijapani hata ikiandikwa ya ng'ombe, mara nyingi ndani ya rojo kuna mafuta ya nguruwe. Halafu kuna mirin na sake ya kupikia, zote zina pombe na zinaingia kwenye teriyaki, ule mchuzi mtamu wa kupaka nyama, kwenye mchuzi wa udon, hata kwenye siki ya wali wa sushi sehemu nyingine. Kila familia inajua mpaka wake, mimi nasema tu mjue kilichomo ndo muamue. Salama zaidi ni samaki aliyechomwa kwa chumvi au sashimi, vipande vya samaki mbichi, na wali mweupe. Andikeni kwenye simu sentensi ya Kijapani inayosema hatuli nguruwe wala pombe ya kupikia, muonyesheni mhudumu kabla ya kuagiza, atakwenda jikoni kuuliza na atarudi na jibu la kweli hata kama jibu ni samahani hatuna. Mwenye mzio naye aombe jedwali la mzio, migahawa mikubwa inalo, na tambi za soba hasa ziangalieni maana ni unga wa buckwheat, mbegu ambayo sio ngano na wapo watu inawadhuru vibaya. Swala pia imefikiriwa baadhi ya sehemu, Takashimaya ya Shinjuku na Aeon Mall Makuhari Shintoshin zina vyumba vya kuswalia.

Mkiwa wengi na kila mtu anataka chake, shukeni fudkoti, ule ukumbi wa maduka mengi ya chakula yenye meza za pamoja. Shikeni meza kwanza, wenyeji wanaacha leso au kofia na haiguswi, halafu kila mtu akapange foleni yake. Unalipa, unapewa kidude kinacholia na kutetemeka chakula kikiwa tayari. Maji ya bure yapo kwenye mashine, na trei mnarudisha wenyewe dirisha la duka mlilonunua, futeni na meza mtoto alipomwaga, vitambaa vimewekwa.

Mezani ni mambo mawili tu ya kuwakataza watoto kabla hamjatoka nyumbani, wasichomeke vijiti vikasimama kwenye wali na wasipokezane chakula kijiti kwa kijiti, yote ni ya msibani. Kuvuta tambi kwa sauti ruksa. Mkitaka mhudumu bonyezeni kengele ya mezani, bakshishi hakuna, ukiacha hela atakukimbiza akurudishie. Mnachukua kile kikaratasi cha bili mnalipa kwenye kaunta ya mlangoni, na angalieni bei kwenye menyu kama ina kodi au la, kula hapohapo kodi ni asilimia 10 na kubeba ni 8.

Kufungasha mabaki wengi wanakataa, hasa vibichi, wanaogopa yasije yakawaumiza tumbo, kwahiyo agizeni kidogo kidogo mkiongeza. Mnaotaka cha kubeba shukeni ghorofa ya chini kabisa ya depato jioni karibu na kufunga, wanapita wakibandika stika za punguzo kwenye maboksi ya sushi, yaleyale ya asubuhi, mpaka nusu bei. Nunueni na mle usiku huohuo.