Somo: Umemaliza chuo, ukae wapi na ufanye kazi wapi? Unguja, Pemba au Bara

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaandika somo hili kwa sababu swali hili nimekwisha kulijibu kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi mno: "Dada, nimemaliza, nibaki mjini, nirudi Pemba au nivuke Bara?" Kila mahafali yakipita naletewa ujumbe huo huo, na karibu kila anayeuliza hunitajia kiwango cha mshahara tu, kana kwamba mtu huishi ndani ya mshahara. Kuanzia leo nitakuwa namwelekeza kila mtu hapa. Naomba msome mpaka mwisho ndipo muulize.

Mimi ni mhasibu. Kwetu ni Wete, nimesoma Unguja, nimefanya kazi katika hoteli pwani ya mashariki ya Unguja, kisha Dar es Salaam miaka miwili, na sasa ninaishi na kufanya kazi Chake Chake.

Hatua ya 1. Chukua vyeti vyako chuoni mapema, tengeneza nakala zilizothibitishwa, na uache seti moja nyumbani kwa wazazi.

Hatua ya 2. Hakikisha una Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na kitambulisho cha Taifa, na kwamba jina limeandikwa sawasawa katika vyote viwili na katika cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya 3. Jua kazi yako inasimamiwa na upande gani. Wengi hudhani kuwa kwa vile nchi ni moja basi taratibu nazo ni moja. Raia ana haki ya kuishi na kufanya kazi popote katika Jamhuri ya Muungano, wala hapana kibali cha kazi cha kuombwa kwa kuvuka bahari. Lakini kazi na ajira si jambo la Muungano. Hapa kwetu mkataba wako unaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na Bara unaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hifadhi ya jamii nayo ni mbali mbali: huku ni ZSSF, kule ni NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma. Ajira za Serikali ya Mapinduzi zinapitia Tume ya Utumishi, na za Serikali ya Muungano zinapitia Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo anayefuatilia matangazo ya upande mmoja peke yake amejifungia mlango wa pili kwa mkono wake. Katika taasisi za Muungano Wazanzibari tuna mgao wetu wa nafasi, asilimia 21, na nafasi hizo haziombeki na mtu asiyesoma matangazo.

Hatua ya 4. Hesabu mwezi mbaya, usihesabu mwezi mzuri. Hapa ndipo nilipokosea mimi, na ndipo ninapoomba msipite haraka.

Disemba ya mwaka 2017 nilipata kazi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Mshahara wa msingi ulikuwa shilingi 400,000, na Januari nilipopokea mgao wa servis chaji, ile ada ya huduma wanayolipa wageni, nilikuta 210,000 juu yake. Nilichukua karatasi nikaandika 610,000, nikaizidisha kwa 12, nikaona mwaka wangu umekwisha kupangika. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 120,000 kwa mwezi, nami nikamhesabia 720,000, nyingine zikiwa za kukopa kwa mjomba, kwa chumba kimoja ambacho ukuta wake wa upande wa bahari ulikuwa umepigwa chokaa mpya. Sikujiuliza kwa nini ulipigwa chokaa upande huo tu.

Pasaka mwaka ule iliangukia tarehe 1 Aprili. Siku chache baadaye, kwenye mlango wa chumba tunachokulia wafanyakazi, palibandikwa karatasi moja: hoteli inafungwa kwa ajili ya masika na itafunguliwa mwezi wa Juni. Nikaenda kuutoa mkataba wangu kwenye begi. Kifungu kilikuwepo ukurasa wa tatu, kwamba malipo yatasimama katika kipindi ambacho hoteli imefungwa kwa msimu. Nilikuwa nimetia saini chini yake. Mhasibu mzima, nisiyepitisha hati ya malipo bila ya kuisoma mara mbili, mkataba wangu mwenyewe sikuusoma.

Kwa hiyo Aprili na Mei sikulipwa chochote, Ramadhani ikaingia katikati ya Mei nikiwa sina hata nauli ya boti ya kurudi Wete kufutari na wazazi wangu, na ule ukuta wenye chokaa mpya ukaanza kutoa maji hadi godoro nikalisogeza katikati ya chumba. Kodi yangu ilikuwa imelipwa mpaka mwisho wa Juni, na mwenye nyumba hakurudisha hata senti. Hoteli ilipofunguliwa tena, servis chaji ya mwezi wa kwanza ilikuwa 35,000.

Sisemi msifanye kazi hotelini. Utalii ndio unaoajiri vijana wengi wa visiwa hivi, na wapo waliojenga nyumba kwa kazi hiyo. Ninasema ujue kwamba wageni huja kwa wingi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia katikati ya Disemba hadi Februari, na kwamba masika huwa na miezi ambayo hoteli nyingine hufunga kabisa. Anayetafuta kazi Januari anaiona hoteli ikiwa katika hali yake bora.

Kabla ya kutia saini, uliza mambo matatu na uyaone yameandikwa: hoteli hufungwa miezi mingapi, mshahara wa msingi unaendelea au unasimama ikifungwa, na michango ya ZSSF inakatwa na kupelekwa miezi yote au la. Baada ya hapo mtafute mfanyakazi aliyekwisha kupita masika mawili mahali hapo, umuulize maswali hayo hayo. Kama lugha ya mkataba ni nzito kwako, upeleke kwa Afisa Kazi, ndiyo kazi yake. Na kodi ya miezi sita usiilipe katika kijiji ambacho hujakaa hata wiki moja. Omba miezi mitatu, na ukikataliwa, kodi kitanda pamoja na wenzako kwa muda.

Kisha ndipo ufanye hesabu. Chukua kipato cha mwezi mbaya kuliko yote, toa kodi, chakula, nauli, umeme na fedha unayopeleka nyumbani. Hata mwajiriwa wa ofisini ana mwezi wake mbaya, nao kwa kawaida ni ule wa mwanzo, kabla mshahara wa kwanza haujatoka. Kinachobaki ndicho kipimo chako cha kulinganisha Nungwi na Dar es Salaam, au Mwanakwerekwe na Chake. Nilipoifanya hesabu hii kwa kazi yangu ya Dar es Salaam, iliyokuwa na mshahara mkubwa zaidi, niligundua kwamba kodi na nauli za kule zilikuwa zinaniachia pungufu ya ninachobakiwa nacho Chake Chake.

Hatua ya 5. Nenda ukakae wiki mbili mahali unapofikiria kuhamia, upande daladala saa ambayo ungeipanda ukienda kazini.

Hatua ya 6. Zungumza na nyumbani kabla ya kuamua. Jueni pamoja kiasi utakachopeleka kila mwezi, na nani atamtazama mzazi anayeumwa. Zaidi ya yote msifichane kuhusu bahari. Boti za Dar es Salaam ni za kila siku na safari ni kiasi cha saa mbili, lakini za Pemba si nyingi kama hizo, na kusi likichafuka safari huahirishwa. Aliye Unguja akiletewa habari ya msiba wa Micheweni, Pemba, mara nyingi anafika watu wamekwisha kuzika. Jambo hili halimo katika hesabu ya fedha, lakini mimi lilinirudisha Pemba kuliko hesabu yenyewe.

Hatua ya 7. Jiwekee tarehe, mwaka mmoja baadaye, ya kuifanya hesabu ya hatua ya 4 upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Fuoni: Dada, nimepata kazi Nungwi, mshahara laki sita. Nikubali?

Jibu: Laki sita ya mwezi gani? Hatua ya 4.

Kijana wa Fuoni: Wamesema laki sita tu, hawakutaja mwezi.

Jibu: Basi rudi ukawaulize yale maswali matatu. Siwezi kukujibia mkataba ambao wewe mwenyewe hujauona.

Muuguzi Mkoani: Ahsante kwa somo, dada. Nimemaliza stashahada ya uuguzi na nimeandikishwa hapa Zanzibar. Nimeona nafasi katika hospitali binafsi ya Dar es Salaam. Hatua ya 3 umezungumzia sheria ya ajira. Je, na leseni ya taaluma nayo ni mbali mbali?

Jibu: Umeuliza jambo ambalo nilipaswa kuliandika. Ndiyo, ni mbali mbali. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga, na Bara wana lao. Leseni ya huku haikuruhusu kwenda kuhudumia wagonjwa kule kabla ya kuandikishwa na baraza la kule. Anza maombi hayo ukiwa bado huko Mkoani, Pemba, usisubiri uvuke, kwa sababu muda wa kusubiri usajili ndio mwezi wako mbaya. Muulize pia mwajiri, kwa maandishi, kama atakusubiri. Wanasheria wana hali kama hiyo, kwani uwakili wa Zanzibar na uwakili wa Bara ni orodha mbili. Mimi kama mhasibu sikuathirika, ndiyo maana nikalisahau. Nitaliongeza kwenye hatua ya 3.

Mtoto wa Mjini: Kurudi Pemba ni kurudi nyuma. Kule hakuna kazi.

Jibu: Mimi niko Pemba na niko kazini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773, na kati yao 893,169 wamo Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake, karibu nusu ya nchi. Pemba yote, mikoa miwili, ni 543,441. Ofisi ni nyingi zaidi mjini, sikatai, lakini na wanaozigombania ni wengi zaidi, na vyumba vya Fuoni vinagombaniwa na hao hao. Sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka Pemba, mwani unalimwa huku, skuli na hospitali ziko huku, na vyote hivyo vinahitaji watu wanaojua kuweka hesabu na kumbukumbu. Ukitaka kubaki mjini baki, lakini usiwavunje moyo wengine kwa mahali ambapo hujapaangalia.

Fundi wa Programu: Kazi yangu ni ya kompyuta, na wateja hawajali niko wapi. Wazazi wako Wete na nyumba ipo. Ninachoogopa ni umeme. Je, Pemba unaaminika kiasi cha kufanyia kazi?

Jibu: Swali zuri, na lina historia yake. Zamani Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na sisi tuliosoma enzi zile tunakumbuka kudurusu kwa taa ya chemni. Tangu mwaka 2010 tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na hali imebadilika kabisa. Hata hivyo waya ni waya. Unguja nayo inategemea umeme wa Bara, na mnakumbuka kuanzia Disemba 2009 walivyokaa miezi mitatu gizani. Kwa hiyo weka betri ya kukutosha siku moja ya kazi, na uwe na laini za simu za kampuni mbili, kwa sababu mtaa mmoja wa Wete unashika mtandao huu na wa pili unashika ule. Hatua ya 5 kwako iwe hivi: nenda nyumbani wiki mbili, fanya kazi yako halisi, na uandike kila saa uliyokatikiwa. Kwa mtu asiyelipa kodi ya nyumba, mwezi mbaya wako utakuwa mwepesi kuliko wetu sote.

Mama Asha: Nyongeza kuhusu kodi: ukikodi chumba, uliza kama mita ya tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Mwanangu alikuwa ananunua umeme, jirani anapigia pasi.

Jibu: Ahsante sana, mama. Na akiambiwa mita ni ya pamoja, mgawanyo uandikwe kwenye mkataba wa kodi.

Abu Salim: Na Oman je?

Jibu: Somo hili ni la ndani ya nchi. Kwa nje nasema neno moja tu: pitia Kamisheni ya Kazi, na pasi yako ya kusafiria usimwachie mtu.

Binti wa Konde: Dada, nimepata ualimu skuli ya shamba, Unguja Kusini. Baba hataki niishi peke yangu, na mimi sitaki kumuudhi, lakini kazi naipenda. Ulifanyaje wewe?

Jibu: Mdogo wangu, baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Nilipokwenda pwani nilimwambia baada ya kwisha kulipa kodi, na hilo lilimuuma kuliko safari yenyewe. Nilipokwenda Dar es Salaam nilifanya vingine: nilimchukua tukaenda pamoja, akakiona chumba, akazungumza na mwenye nyumba, akaacha namba yake ya simu kwa jirani. Aliporudi Wete alikuwa yeye ndiye anayenitetea kwa shangazi zangu. Mwombe baba mwende pamoja Unguja wakati wa hatua ya 5. Mwende kwa Sheha wa shehia hiyo mkajitambulishe, na mumuulize mwalimu mkuu walimu wa kike wanakaa wapi, kwani mara nyingi huwepo nyumba wanayokaa wawili watatu. Na kama kuna jamaa hata wa mbali katika shehia ya jirani, baba ndiye wa kumpigia simu, si wewe.

Binti wa Konde: Amekubali twende wote wiki ijayo, inshaallah. Nichukue godoro kabisa?

Jibu: Alhamdulillahi. Godoro liache. Nunua huko huko baada ya kuugusa ukuta wa chumba kwa mkono.