Jinsi ya kusajili shirika na kufikisha hoja za kaya maskini mpaka kwenye bajeti, kwa wenzangu wa Tanga

Wadau wa Tanga Jiji, Muheza, Mkinga, Pangani na kwengineko mkoani, hii naandika kwa sababu vikundi vingi vya akina mama na vijana vinaniuliza swali moja, na sisi tunataka tusikike kwenye mipango ya serikali ya kupunguza umaskini, sasa tunaanzia wapi? Tumetoka kuipita njia hiyo juzi juzi na akina mama wakaanga samaki wa huku pwani, imetula muda na nauli na hela nyingi ya steshonari, na roho inaniuma nikiona kikundi kingine kinazungushwa pale pale.

Kwanza mwamue, mnataka kikundi au shirika? Kikundi kinasajiliwa halmashauri kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, na kama shida yenu ni ule mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) basi kikundi kinatosha, msijitwishe mzigo. Ila kama mnataka kutetea jamii, kukusanya takwimu, kuomba ruzuku na kuingia kwenye vikao vya mipango mkiwa na jina lenu, sajilini NGO, yaani shirika lisilo la kiserikali, chini ya Sheria ya NGO Na. 24 ya 2002. Akitokea mtu wa kuwaambia sajilini kampuni isiyo na hisa ni rahisi zaidi, msimsikilize, maana tangu marekebisho ya 2019 chombo kinachofanya kazi za NGO kinatakiwa kiwe chini ya sheria hiyo hiyo. Alafu angalieni ngazi, kuna wilaya, mkoa na taifa, ada hazifanani, na kama kazi yenu yote iko ndani ya jiji hakuna haja ya kukimbilia taifa.

Mambo ya kwenye mfumo wa usajili wa mtandaoni sitakaa nayo sana, mnafungua akaunti, mnajaza fomu, mnapakia wasifu na picha za paspoti za viongozi, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini, katiba na barua ya utambulisho, mnapewa kontrol namba mnalipa. Kijana yeyote wa intaneti kafe atawasaidia. Muhimu majina yawe sawasawa na ya kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi, Mwanaisha na Mwanaasha kwa mfumo ni watu wawili.

Pa kukaa ni kwenye katiba. Ofisi tuliyopeleka rasimu yetu iliturudishia kosa moja moja, leo malengo hayajakaa vizuri, tunarekebisha tunachapa upya tunarudi, tunaambiwa sasa akidi ya vikao (idadi ya chini ya wanachama ili kikao kiwe halali) haijatajwa, tunachapa tena, tukirudi afisa hayupo, wa zamu anaona kipengele cha kuvunja shirika hakisemi mali zitakwenda wapi. Kila mara nakala mpya, kila mara nauli, na hawa ni akina mama ambao siku wasipokaanga nyumbani hakuna mboga. Kwa hiyo fanyeni hivi: mkipeleka rasimu ombeni kwa heshima afisa aisome YOTE, aandike marekebisho yote juu ya karatasi hiyo hiyo, aweke tarehe na saini yake. Akisema ataisoma baadae mwambieni tutasubiri au atupe siku. Karatasi yenye mwandiko wake ndiyo itawalinda atakapokaa mtu mwengine kwenye kile kiti. Na kabla hamjaenda hakikisheni haya yamo humo: jina na anwani, malengo, uanachama, viongozi na muda wao, vikao na akidi, fedha na ukaguzi, namna ya kubadilisha katiba, na mali zinakwenda wapi shirika likifa.

Kwenye malengo msiandike tu "kuinua hali za wanawake". Andikeni wazi kwamba shirika litashiriki na kufuatilia mipango na bajeti za serikali za mitaa na za taifa zinazohusu kupunguza umaskini. Sentensi hiyo moja ina kazi kubwa, siku mkienda kuuliza habari za bajeti mtu akawaambia haiwahusu, mnafungua katiba iliyopitishwa na Msajili wa NGO mnamuonyesha.

Barua ya utambulisho inaanzia kwa mtendaji wa mtaa, inapanda kata, inafika halmashauri. Inakwama pale mwenye kusaini akiwa safari, Dodoma mara nyingi. Ulizeni nani anakaimu, kila ofisi ya umma lazima iwe na anayekaimu, msikubali kuambiwa njooni wiki ijayo bila jina la mtu. Na hela yoyote isiyo na kontrol namba wala risiti ya serikali msitoe, iwe ya mhuri au ya chai.

Cheti kikitoka kina miaka 10. Hapo wengi wanalala, na ndo kosa, kuna taarifa ya kila mwaka na ada yake, kuna TIN (namba ya mlipakodi) na ritani za TRA hata kama hamjaingiza shilingi, maana kuwa NGO peke yake hakuwapi msamaha wa kodi. Mkipata mfadhili wa zaidi ya milioni 20 mkataba unatakiwa umfikie Msajili ndani ya siku 10.

Haya sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Zamani kulikuwa na MKUKUTA, ulianza 2005, wa pili ukaisha 2015, ilikuwa hati moja ya taifa ya kupunguza umaskini na mashirika yalijua ndo mlango wa kubisha. Baada ya hapo yale mambo yakaingizwa ndani ya Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, kwa hiyo sa hivi umaskini hauna kitabu chake peke yake, umetawanyika kwenye afya, maji, uvuvi, TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) na kadhalika. Asiyejua hilo anatafuta mlango ambao haupo. Kwa shirika dogo la Tanga mlango ni mtaa au kijiji chako, kwa sababu kwa utaratibu wa O&OD, yaani wananchi kuibua wenyewe fursa na vikwazo vyao, vipaumbele vinatakiwa vianzie huko chini vipande kata, halmashauri, mkoa, TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) mpaka Bungeni.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, lakini mkienda na hoja Aprili mmeshachelewa, halmashauri zinaandaa mipango yake miezi mingi kabla. Hoja yenu iwe imepita mtaani kabla Desemba haijaisha, lengeni Septemba, Oktoba.

Na hapa nawaomba msome taratibu, maana hoja za maskini zinapotelea kwenye daftari la mihutasari. Kwenye mkutano wetu wa mtaa mama mmoja alisimama akaeleza vizuri kabisa, diko (pale samaki wanaposhushwa) halina choo, maji ya kuoshea samaki ni ya kununua kwa dumu, mwenye mtaji wa elfu ishirini robo yake inaishia kwenye maji. Watu wakapiga makofi. Katibu akaandika: "wananchi walilalamikia huduma za jamii." Basi. Maneno hayo yakifika kata hakuna mtaalamu anayeweza kuyawekea bei, yatakufa hapo hapo. Tukaomba muhtasari usomwe kabla ya kufunga kikao, tukaomba iandikwe upya, choo cha matundu sita na bomba moja la maji kwenye diko, wanaotumia ni wakaanga samaki, wachuuzi na wavuvi, kiingie mwaka wa fedha ujao. Katibu hakukataa, aliandika. Ombeni hivo hivo kwenu, na mpige picha ule ukurasa kwa ruhusa ya mwenyekiti.

Ngazi ya kata ni KAMAKA, yaani Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti ni diwani. Kamati inaweza kualika mashirika na vikundi, hampigi kura ila mnasikilizwa, kwa hiyo pelekeni barua mapema kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, na nakala yenu ya tatu igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Msiende na risala ndefu. Karatasi moja yenye tatizo, idadi ya watu, gharama ya makadirio na ule ukurasa wa muhtasari inatosha. Takwimu za taifa zitajeni ila zisisimame peke yake, utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 unasema asilimia 26.4 ya Watanzania bara wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, sawa, lakini diwani anataka kujua diko lake lina watu wangapi, na hiyo namba mnayo nyie.

Halmashauri wataalamu wakishachambua, rasimu inakwenda baraza la madiwani, na vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, ingieni mkakae. Mkinyimwa rasimu ya bajeti andikeni ombi la maandishi kwa mkurugenzi mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inaipa ofisi siku 30 za kujibu. Tumeona ofisi ikibadilika sauti baada ya barua hiyo.

Kwa ngazi ya taifa msijione wadogo. Dira 2050, ile dira ya maendeleo ya taifa, ilizinduliwa Julai 17, 2025, na utekelezaji wake unaanza Julai 2026 pamoja na mpango mpya wa miaka mitano. Kamati za Bunge huwa zinaita maoni ya wadau kwenye miswada, ukiwemo muswada wa fedha kila mwaka, na maoni ya maandishi yanapokelewa, hamhitaji nauli ya Dodoma. Unganeni na mashirika mengine ya mkoa mtume waraka mmoja, na mumjue mwakilishi wenu wa NaCoNGO (baraza la taifa la NGO) wilayani, kazi yake ni kubeba sauti zenu. TASAF nayo msiiache, kaya zinatambuliwa kwenye mkutano wa hadhara, muwepo siku hiyo, mjane aliyesahaulika mtaje jina lake pale pale mbele za watu, baada ya orodha kufungwa ni shida kubwa kumrudisha.

Mkiona jambo lenu limeingia kwenye kitabu cha bajeti andikeni namba ya kasma (fungu la fedha za jambo hilo) na kiasi kilichotengwa. Robo ya kwanza inaisha Septemba, Oktoba mnaandika barua kwa mkurugenzi kuuliza kwenye kasma ile zimetoka shilingi ngapi, na kila robo mnarudia.