Umefika Kampala kama mkimbizi? Anzia kwa jirani

Ndugu zangu mnaotoka Kivu, Ituri au Burundi, mkifika Kampala wengi mnaenda Nsambya ama Katwe kwa sababu mmesikia Kiswahili kipo, na ni sawa kabisa, mtu lazima apokelewe na wa kwao. Ila ukibaki humo tu, kanisa la kwenu duka la kwenu, miaka itapita jirani wa ukuta mmoja hajui hata jina lako.

Ukishajiandikisha OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu inayoandikisha wakimbizi, wiki hiyo hiyo nenda kwa chairman wa LC1, yaani mwenyekiti wa mtaa, msalimie, mwonyeshe karatasi zako, mwambie unakaa nyumba gani. Usingoje shida. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi, sawa, lakini siku unataka barua ya mtaa ni yeye anaandika na ni vizuri awe anakujua sura.

Luganda, lugha ya wenyeji wa hapa, jifunze hata kidogo. Wasuze otya nnyabo kwa mama, wasuze otya ssebo kwa baba, yaani umeamkaje, kila asubuhi, hata kama hununui kitu. Kuna wazee hapa Kiswahili kinawakumbusha wanajeshi wa enzi za Amin, so akinuna usidhani anakuchukia wewe, anza na Luganda na Kiswahili kitakuja chenyewe.

Halafu msiba, na hapa naomba mnisikie vizuri sana. Jirani akifiwa, nenda, hata kama marehemu hukumjua. Mama atakaa na wenzake wamenye matooke, baba atabeba viti na kupasua kuni, na utaona mtu ameshika daftari anapokea mabugo, yaani rambirambi, toa hata elfu mbili, jina lako liandikwe pale katikati ya majina ya wenyeji. Baadaye uliza kama mtaani kuna munno mukabi, yaani kikundi cha kusaidiana kwenye misiba, omba kuingia, michango yao ni midogo midogo ila wewe ukifiwa huku mbali na kwenu hao ndio watakuja na masufuria na turubai kabla hata hujapiga simu.

Watoto msiwe na wasiwasi, watashika Luganda haraka kwa wenzao shuleni, nyinyi nyumbani ongeeni lugha yenu isipotee.

Na mlioko Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, huko lugha ya wenyeji ni Runyankole na kiongozi wenu wa karibu ni wa RWC, yaani baraza la wakimbizi wenyewe, lakini wenyeji mnakutana nao sokoni na kwenye zahanati kila siku, basi wakifiwa wafuateni mpaka vijijini kwao.