Kuchora ukurasa wa katuni: maneno kwanza, picha baadaye

Kurasa nyingi za katuni zinazoharibika haziharibiwi na mkono mbovu. Mchoraji humaliza picha, akapaka wino, ndipo akakumbuka kwamba wahusika wake wana la kusema. Maneno yanabanwa kwenye kona, herufi zinakuwa kama sisimizi, na msomaji anaruka ukurasa.

Zamani tatizo hili halikuwepo. Rodolphe Töpffer wa Geneva, aliyechapisha hadithi za picha katika miaka ya 1830, aliandika maneno chini ya kila picha, nje ya mchoro, kwa hiyo sentensi ingeweza kuwa ndefu apendavyo. Mwaka 1896 R. F. Outcault, akichorea gazeti la New York, alitumia viputo vya maneno, yale maduara yanayobeba usemi wa mhusika, kwa namna iliyokuja kushika Marekani nzima. Tangu hapo neno likawa sehemu ya picha, na linakula nafasi ya picha.

Kwetu mzigo huo ni mkubwa zaidi. Edward Gitau aliyemchora Juha Kalulu nchini Kenya, Christian Gregory aliyemchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na Philip Ndunguru wa jarida la Sani, wote walichora kwa Kiswahili, lugha ambayo neno moja hubeba sentensi nzima. Chukua "hatutakubaliana". Lina herufi 15. Kila herufi ikichukua milimita 4, neno hilo peke yake lina sentimita 6. Shika tarakimu hiyo, tutairudia.

Chora kwenye karatasi ya A3, kisha uipunguze hadi A4 wakati wa kuchapa, yaani asilimia 71. Kupunguza huficha mitetemo midogo ya mkono. Manila nyeupe laini inafaa. Karatasi ya kawaida ya fotokopi hunywa wino na mistari ikaota manyoya. Tafuta penseli ngumu ya 2H, raba laini, rula ndefu, na kalamu za wino usioyeyuka kwa maji zenye ncha za milimita 0.3, 0.5 na 0.8.

Acha pambizo la sentimita 2 pande zote. Unabaki na milimita 257 kwa 380. Gawa visanduku sita, viwili kwa kila safu: kila kimoja upana milimita 125, kimo milimita 120. Kati ya visanduku vya safu moja acha milimita 7. Kati ya safu na safu acha 10. Usizifanye nafasi hizi kuwa sawa. Ile ya kati ya safu ikiwa pana zaidi, jicho husoma kwenda kulia kwanza kabla ya kushuka. Zikigeuzwa, msomaji hushuka kabla ya wakati na kisa kinavurugika.

Sasa rudi kwenye "hatutakubaliana": sentimita zake 6 ni karibu nusu ya kisanduku. Ndiyo maana mazungumzo yanaandikwa pembeni kwanza na kukatwa bila huruma. Maneno 12 kwa kiputo yanatosha, viputo viwili kwa kisanduku. Tuseme konda wa daladala anapewa noti ya 10,000. "Sina chenji ya kukurudishia, mama, subiri tufike kituoni" inakuwa "Chenji sina, mama. Subiri kituoni." Noti anayoikunjua mkononi tayari imeshasema yaliyobaki, ichore kubwa, mbele, vidole vya konda vikiwa nusu vimeifunga.

Piga mistari ya penseli ya kuandikia: herufi kimo milimita 5, nafasi kati ya mstari na mstari milimita 3. Baada ya kupunguzwa, herufi itabaki na milimita 3.5, inasomeka vizuri. Tumia herufi kubwa. Neno likilazimika kukatwa, likate kwenye silabi, na ikiwezekana pale kiambishi kinapoishia: HATUTA-KUBALIANA. Usitenganishe MB, ND wala NG': andika KITA-MBO, si KITAM-BO. Andika maneno yote ndipo uyazungushie kiputo, ukiacha milimita 4 za hewa. Ukianza na kiputo, neno la mwisho litagusa ukingo kila mara. Mkia wa kiputo uelekee mdomoni na uishie katikati ya njia, usimchome mhusika usoni.

Anayeanza kusema asimame kushoto. Kosa hili dogo ndilo linalosumbua kuliko yote: akisimama kulia, mikia ya viputo hupishana kama kamba zilizofungana, na dawa yake ni kuchora kisanduku upya.

Ndipo watu waingie. Kwa katuni ya kuchekesha, mwili wenye urefu wa vichwa vitatu na nusu unatosha. Kwa hadithi ya kweli, vichwa saba. Kabla ya kuanza ukurasa, mchore kila mhusika mbele, ubavuni na mgongoni kwenye karatasi nyingine, kisha ujaze umbo lake lote kwa weusi. Kama konda na abiria hawatofautiani wakiwa vivuli, badili kofia, kitambi au mkao; kubadili pua hakusaidii.

Wino: 0.8 kwa fremu na mistari ya nje ya watu walio mbele, 0.5 kwa nguo na nyuso, 0.3 kwa mandhari ya nyuma. Mstari mwembamba zaidi ya huo hupotea kwenye fotokopi. Mistari ya kivuli iache milimita 1 kati yake, vinginevyo itaungana na kuwa doa. Subiri nusu saa kabla ya kufuta penseli, zaidi kama kuna unyevunyevu, maana raba huburuta wino mbichi ukachafua uso uliouhangaikia asubuhi nzima.

Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), nyeusi na nyeupe. Picha ya simu hupinda kingo na kuacha kivuli cha kijivu. Kabla ya kutuma popote, toa nakala ya asilimia 71 na umpe mtu asome kwa sauti. Anapokwama, weka alama ya penseli kwenye kiputo hicho.